Ukishusha bitireti picha inaumia wapi na sauti inaumia wapi: nimezipambanisha kwa video moja ya harusi

Wiki iliyopita nilimaliza kuediti harusi ya saa tatu, faili mama likatoka GB 32 na ushee, Full HD, bitireti megabiti 24 kwa sekunde. Safi kabisa, hadi nakshi za hina mkononi unazihesabu. Shida ikaanza pale mama mzaa bibi harusi aliposema anataka mbili, moja iwe kwenye fleshi aichomeke kwenye TV ya sebuleni, nyingine atumiwe shemeji yake aliyeko Muscat kwa WhatsApp, na zote kabla ya Ijumaa. Sasa GB 32 unamtumiaje mtu kwa WhatsApp, bando la nani hilo?

Jibu la haraka la kila fundi ni shusha bitireti mpaka iingie. Sawa, ila ushushe ya picha au ya sauti, ushushe kiasi gani, na ukishashusha ubaki na 1080p (ndio hiyo Full HD) au uishushe nayo iwe 720p? Mi mwenyewe miaka kadhaa nilikuwa nabahatisha tu, nasogeza kile kimshale kwenye programu mpaka namba ya ukubwa inanifurahisha alafu basi. Safari hii nikaamua nikae chini nilinganishe kweli, nikakata kipande cha dakika tatu nikakirenda, yaani nikakitoa kama faili jipya, zaidi ya mara kumi.

Kipande chenyewe nimekichagua kwa makusudi maana kina kila balaa. Bibi harusi anaingia ukumbini, mashine ya moshi imewashwa, makaratasi ya kumetameta yanamwagwa kutoka juu, taa za rangi zinazunguka, mashangazi wanapiga vigelegele kama wamepewa mshahara, kikundi cha taarab kinapiga na ganuni inasikika, alafu dakika ya mwisho MC kasimama tu anaongea. Hiyo dakika ya MC ni muhimu utaona kwa nini.

Kabla ya yote hesabu moja ndogo, ukiishika hii huhitaji kubahatisha tena. Bitireti ni data kiasi gani inatumika kwa kila sekunde, basi. Biti 8 ni baiti 1, kwa hiyo chukua megabiti zako zidisha mara 7.5 unapata MB za dakika moja. Megabiti 8 ni MB 60 kwa dakika, yaani GB 3.6 kwa saa. Megabiti 2 ni MB 15 kwa dakika. Ona hapo hakuna neno 1080p wala 720p popote, ukubwa wa faili unaamuliwa na bitireti na muda, sio na ukubwa wa picha, na watu wengi hapa ndio wanapotea, anashusha picha iwe 720p anaacha bitireti ile ile alafu anashangaa faili halijapungua hata kidogo.

Haya twende kwenye picha. Zote kodeki ya H.264 (kodeki ndio njia ya kufinya video au sauti), 1080p, fremu 25 kwa sekunde.

Megabiti 24 na megabiti 8 nimeziweka ubavu kwa ubavu kwenye monita, nikasimamisha picha, nikakuza, nikatoa macho. Tofauti ipo kwenye yale makaratasi yanayoanguka ukisimamisha tu, ikitembea sioni kitu, na mama huyu hawezi kuona kwenye TV akiwa amekaa kwenye kochi mita tatu. YouTube wenyewe kwa 1080p ya fremu za kawaida wanapendekeza uwapelekee video ya megabiti 8, kwa hiyo hapo hatujakosea.

Nane na nne: sasa MC anaendelea kuwa MC, hajapungukiwa na chochote, ila moshi umeanza kuwa na ngazi-ngazi, ule ulaini wa mwanga unaofifia kuelekea gizani umekuwa mistari kama ramani ya milima. Makaratasi yameanza kuwa ukungu. Kwa mtu ambaye hajaambiwa aangalie wapi bado inapita.

Mbili: hapa ndio pa maumivu. Suti nyeusi ya bwana harusi imekuwa doa moja jeusi, mikunjo yote imeliwa. Lesi za gauni zimefutika. Bibi harusi akitembea uso unakuwa laini kupita kiasi, akisimama nusu sekunde picha inajisafisha vipodozi vinarudi, akitembea tena vinaondoka. Zamani nilishawahi kumpa mteja kitu cha hivi, akaniita pembeni kwa upole kabisa, "Baba, mbona mwanangu kama umempaka uji?" Sikuwa na jibu, nikasingizia TV.

Moja: miraba. Hapo hatuna cha kujadili, wakati wa makaratasi ukumbi mzima unakuwa vigae. Lakini rudi kwa MC kwenye hiyo hiyo megabiti moja, anaangalika! Sio safi lakini unamjua ni nani, tai yake ya rangi gani, na midomo inaenda sawa na maneno.

Kwa nini? Kwa sababu kodeki haihifadhi kila fremu nzima nzima. Inahifadhi moja kamili, zinazofuata inaandika tu kilichobadilika na kilichosogea. MC kasimama, ukuta nyuma haujasogea, cha kuandika ni mdomo na mkono basi. Makaratasi mia tano yanaanguka kila moja na njia yake, juu yake moshi, juu yake taa zinabadilisha rangi ya kila kitu, hapo kila fremu ni habari mpya na bajeti ni ile ile, kwa hiyo inaanza kutupa vitu vidogo vidogo kwanza, vinyweleo, nyuzi, mikunjo ya gizani, na ikizidiwa zaidi unaanza kuona ile miraba ambayo picha inakatwakatwa ili ifinywe. Kwa hiyo mtu akikuuliza "megabiti 2 inatosha?" muulize kwanza kuna nini kwenye picha. Mawaidha au darasa inatosha na chenji inabaki. Ngoma, mpira, bahari yenye mawimbi, mvua, hapana.

Na kuna mwizi mmoja hatajwi sana, ule mchanga mchanga wa picha iliyorekodiwa ukumbi wenye giza, kamera imepandishwa ISO, yaani usikivu wake kwa mwanga. Kodeki inaona mchanga inadhani ni kitu cha maana, inaumwagia biti. Nimejaribu kusafisha mchanga kidogo kabla ya kurenda kwenye ile megabiti 2, uso wa bibi harusi ukapata nafuu ya wazi bila kuongeza hata biti moja. Usizidishe tu maana ukizidisha unampaka uji wewe mwenyewe.

Sasa mpambano ambao kwangu ndio mkubwa kuliko yote: 1080p kwenye megabiti 2 au 720p kwenye megabiti 2? Faili ni sawa kabisa kwa ukubwa. Watu wanang'ang'ania 1080p kwa sababu ni namba kubwa. Lakini 1080p ina pikseli milioni 2 na kitu, 720p ina laki 9 na ushee, ni mara mbili na robo. Sufuria ya pilau ni ile ile, chagua kuwaalika wageni tisa au wanne. Wanne wanashiba. Nikaziweka pembeni, 720p imetandazwa kujaza kioo, na kwenye lile tukio la makaratasi imeipiga 1080p bila huruma, uso una uso, miraba hakuna. Waliowahi kuwa na deki za VCD wanakumbuka, zile video zilikuwa na bitireti kama megabiti 1.15 tu na kodeki ya kizamani ya MPEG-1, leo ukiweka hiyo kwenye 1080p unacheka, lakini picha yake ilikuwa 352 kwa 288 kwa hiyo kila pikseli ilipata chakula chake, na tukaangalia taarab na filamu humo miaka na miaka.

720p ilipopigwa ni sehemu moja, yale majina madogo yanayopita chini ya kioo, ya kamati na wafadhili. Yamefifia kingo. Kama video yako ina maandishi madogo mengi, masomo ya Excel mathalani, baki na 1080p, na bahati nzuri video za hivyo hazisogei sana kwa hiyo bitireti ndogo inazitosha.

Fremu 50 kushusha hadi 25 inasaidia kidogo, sio nusu kama wengi wanavyodhani, maana fremu mbili zinazofuatana zinafanana sana na ile ya ziada ilikuwa haili sana. Inatosha hilo.

H.264 au mrithi wake H.265? Kwa ubora uleule H.265 inakula karibu nusu, mimi megabiti 2 ya H.265 nimeiona inakaribiana na ile 4 ya H.264, moshi hata ulikuwa mlaini zaidi. Ila inachelewa kurenda, na TV za zamani kidogo haziijui, ukichomeka fleshi unapata sauti tu kioo cheusi, alafu unapigiwa simu saa nne usiku. Kwa simu za miaka ya karibuni na kompyuta, H.265 bila wasiwasi. Kwa TV usiyoijua, H.264.

Tuje kwenye sauti, na hapa tabia inabadilika kabisa. Picha ikishushwa inaharibika pole pole na jicho linasamehe. Sauti inakaa vizuri, inakaa vizuri, inakaa vizuri, alafu inaanguka.

CD ya kawaida ni kilobiti 1411 kwa sekunde. MP3 ya 320 imeshatupa zaidi ya robo tatu ya hizo na karibu hakuna anayesikia, kwa sababu kinachotupwa ni kile ambacho sikio lilikuwa halikisikii, sauti ndogo iliyofunikwa na sauti kubwa ya jirani yake. Nimelinganisha 320 na 192 kwa hedifoni nzuri nikiwa nimefumba macho, nimeshindwa. 128 kwa MP3, hapo kwenye vigelegele nimeikamata, vimepoteza ile ncha inayochoma, kwa AAC ya 128 (kodeki ya sauti mpya kuliko MP3) sikuikamata. Kwenye sabufa ya sebuleni ndio usiulize, zote sawa.

64 MP3 stirio ndio shimo lenyewe. Sauti za juu zimekatwa, kayamba limekuwa mtu anayefagia, vigelegele kama vinatoka ndani ya ndoo ya maji, vinazunguka zunguka. Na ganuni, hii imenifurahisha kwa ubaya, kila uzi ukidonolewa unasikia kabla yake kidogo kelele kama "tsss", yaani sauti inatanguliwa na uchafu wake. Inatokea kwa sababu kodeki inafinya sauti kwa vipande, mdonoo mkali ukiwa katikati ya kipande makosa yanatapakaa kipande kizima, hata ile sehemu iliyotakiwa kuwa kimya kabla ya mdonoo. Ala za kudonoa na kugonga zinaumia kuliko zinazovutwa kama vayolini. Singeli kwenye 64 sikuirenda makusudi kwa leo ila nimeshaisikia kwenye simu za watu, kila kitu kinagonga kila mahali, inabaki kama mvua kwenye bati.

MC je? MC kwenye 64 yuko sawa, herufi zake za "s" zimekwaruza kidogo tu. Ukimweka mono ndio kabisa, maana 64 ya mono biti zote zinaenda njia moja badala ya kugawana kushoto na kulia. Mtu anayeongea peke yake kwenye maiki moja hana haja ya stirio. Na ukitumia Opus, kodeki nyingine ya sauti, unaweza kushuka kwa maongezi hadi 24 au 32 na ukaelewana vizuri, zile voisi za WhatsApp ni Opus na ndio maana dakika nzima ya umbea ni faili dogo hivyo.

Sasa weka picha na sauti kwenye mzani mmoja, maana uamuzi wenyewe ndio huu. Harusi ya saa tatu, picha megabiti 2, sauti kilobiti 128, jumla GB 2.87. Ukiwa na tamaa ukaishusha sauti iwe 64 umeokoa MB 86. Kwenye GB karibu tatu! Asilimia 3. Umeharibu vigelegele, umeharibu ganuni, kwa asilimia 3 ambayo ungeitoa kwenye picha wala hakuna binadamu angegundua. Mimi nilishafanya huo ujinga, niliweka 48 MP3 kwenye video ya kitchen party ili iingie mahali, bibi mmoja akasikiliza akasema, "Huyu siye mimi, mimi sipigi kigelegele hivi." Na kweli hakuwa yeye.

Hesabu inageuka pale tu picha inapokuwa ndogo sana. Video ya kilobiti 300 na sauti 128, hapo sauti imebeba asilimia 30 ya mzigo, basi ina haki ya kuguswa, lakini hamia kwanza kodeki nzuri, HE-AAC (AAC ya bitireti ndogo) au Opus kwenye 48, kabla ya kukaza MP3 mpaka ilie.

Kuhusu namna ya kuweka, bitireti ya namba moja isiyobadilika au ya kubadilika? Kama hujabanwa na ukubwa tumia ya kubadilika inayofuata namba ya ubora, kwenye programu ya HandBrake utaiona imeandikwa RF, kwenye FFmpeg ni CRF. H.264 ya kawaida inaanza 23, ukiteremka hadi 18 unapata karibu sawa na asili, ukipanda namba sita bitireti inashuka kama nusu. Uzuri wake ni kwamba MC anapewa kidogo, makaratasi yanapewa mengi, kila mtu anakula kwa njaa yake. Ubaya, hujui faili litakuwa GB ngapi mpaka liishe. Ukibanwa na ukubwa piga ile ya mizunguko miwili, mzunguko wa kwanza inasoma video nzima, wa pili inagawa. Inachukua muda mrefu lakini kwenye ile megabiti 2 tofauti na mzunguko mmoja niliiona.

Na ukishashusha usipandishe. Kuna dogo mmoja aliniletea wimbo wake wa 128 akasema nimfanyie 320 aupeleke redioni. Nilimfanyia mbele yake, faili likawa kubwa mara mbili na nusu, tukasikiliza, ni ule ule, kidogo hata umechakaa zaidi kwa sababu umefinywa mara ya pili. Ndio maana pia ukipeleka YouTube wape bitireti kubwa uwezavyo, wao watafinya tena, na cha kufinya kilichoshafinywa ni kama chai ya majani ya jana.

Basi nikafanya nini na harusi yangu. Ya fleshi nilianza kuhesabu niibane saa tatu zote chini ya GB 4, maana fleshi nyingi zimefomatiwa FAT32 na hiyo haipokei faili moja linalozidi hapo, na TV nyingi za zamani fomati nyingine hazisomi. Ingenipeleka kwenye megabiti 2.8 za H.264, na lile tukio la kuingia ukumbini lingekuwa uji. Alafu nikajiuliza kwani lazima liwe faili moja? Nikakata vipande vitatu vya saa saa, kila kimoja 1080p megabiti 8, sauti AAC 192, GB 3.7 kila kimoja, fleshi ya 16 ikabaki na nafasi. Sikushusha kitu cha kuonekana hata kimoja.

Ya Muscat nimeituma kama dokumenti, sio kama video, kwa sababu ukituma kama video WhatsApp inaifinya yenyewe na hapo kazi yako yote bure, na dokumenti inapokea hadi GB 2. Saa tatu kwenye GB 2 ni kama megabiti 1.48 zote pamoja, kwa hiyo 720p, H.265, mizunguko miwili, picha megabiti 1.3 na sauti AAC 96. Ikatoka GB 1.9. Makaratasi yamekuwa ukungu kiasi, siwezi kudanganya, lakini uso ni uso na shangazi ni shangazi. Pamoja na hiyo nikamtumia kipande cha dakika tano cha kuingia ukumbini peke yake kwenye megabiti 4, MB 150 na kitu, cha kuangalia kwanza asubuhi na chai.

Ijumaa mama mzaa bibi harusi akapiga simu. Moyo ukanilipuka, nikajua ni uji tena. Hapana, picha nzuri, sauti nzuri, anauliza tu mbona Sheikh amekatika katikati ya dua. Nikamwambia, mama, hajakatika, yuko kipande cha pili, bonyeza mshale wa kulia.